Kitanda cha kuozeshea masalia ya viuatilifu: juu pakavu, chini tope linalonuka. Niongeze bakteria?

MchimbaShimo

Wakuu, habari za kazi.

Nina kitanda cha kuozeshea maji ya kuoshea mabomba ya dawa. Ni shimo la mita 2 kwa 1, kina sm 60, chini limetandikwa nailoni nzito. Ndani kuna mabua ya ngano yaliyokatwakatwa, udongo wa juu wa shambani na samadi mbichi ya ng'ombe, kila kimoja theluthi moja. Kinapokea lita 30 hivi kila siku ya kupuliza, mara tatu kwa wiki, na maji yanamwagwa kwa ndoo upande ule ulio karibu na bomba la maji. Dawa zinazopita humo ni glaifosati na 2,4-D (za magugu), klorpirifosi na sipamethrini (za wadudu), mankozebu (ya kuvu), na mara chache kopa oksikloridi (dawa ya shaba).

Huu ni mwezi wa nne. Juu pakavu kabisa. Ukichimba sm 40 unakuta tope jeusi lenye harufu ya yai bovu, na mabua ya huko chini bado ni ya njano kama yalivyowekwa.

Naomba kujua: niongeze bakteria wa pakiti? Nitajuaje kama dawa inavunjika kweli au imejificha tu? Na mchanganyiko ukichakaa, naweza kuutawanya shambani kama mbolea?

---

udongo_hai

Mkuu, kabla ya bakteria tupige hesabu ya maji, maana nusu ya majibu yako yako hapo.

Lita moja kwenye mita moja ya mraba ni milimita moja. Kitanda chako ni mita 2 za mraba, na lita 90 kwa wiki ni mm 45. Kitanda chenye nyasi juu, penye jua na upepo wa wastani, hupoteza mm 3 hadi 5 kwa siku, tuseme mm 20 hadi 35 kwa wiki. Kwa hiyo kila wiki unabakiza mm 10 hadi 25 ambazo hazina pa kwenda, kwa kuwa chini kuna nailoni. Mvua sijaihesabu bado. Mvua moja ya mm 40 ni lita 80 za ziada, karibu sawa na kuosha wiki nzima.

Tena maji yako hayaendi kwenye mita zote 2. Ndoo inatua kwenye nusu mita ya mraba, hivyo lita 30 zinakuwa mm 60 kwa mkupuo mmoja. Maji ya namna hiyo hayaulowanishi mchanganyiko. Yanafuata mianya mikubwa kati ya mabua na kushuka mpaka kwenye nailoni, yakiwa na dawa yote. Sehemu ya juu, ambako viumbe wengi zaidi wanaishi, inabaki kavu na haina kazi. Ya chini inazama.

Harufu ya yai bovu ni haidrojeni salfaidi. Ukiisikia, ujue oksijeni imekwisha na bakteria wa huko chini wamehamia kwenye salfeti ili wapate kupumua. Mzigo mkubwa wa kitanda hiki unabebwa na viumbe wanaohitaji hewa, hasa kuvu wa kuozesha mbao kama Phanerochaete chrysosporium. Kuvu hao hutoa vimeng'enya vya peroksidesi ili kuvunja lignini, kile kitu kigumu kinachoyapa mabua nguvu. Lignini haina umbo moja, kwa hiyo vimeng'enya vyake navyo havichagui sana. Vikikutana na pete ya atomi kwenye molekuli ya kiuatilifu vinaishambulia vilevile. Lakini peroksidesi hufanya kazi kwa haidrojeni peroksaidi, na kuvu huitengeneza hiyo kutokana na oksijeni. Mabua kubaki ya njano kwa miezi minne yanakuambia kuwa huko chini kuvu hawajagusa kitu.

Samadi mbichi nayo imechangia. Mfumo huu ulianzia Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mchanganyiko wa asili ni sehemu 2 za mabua, 1 ya peati (mabaki ya mimea yaliyooza nusu kwenye vinamasi) na 1 ya udongo wa juu, kwa ujazo, si kwa uzito. Mabua ni chakula cha kuvu. Udongo unaleta mbegu ya bakteria. Peati inashika maji, inanasa dawa na kushusha pH hadi karibu na 6, ambako kuvu wanastawi. Badala ya peati watu hutumia mboji iliyoiva, na inafaa. Samadi mbichi haifai, kwa sababu ina naitrojeni nyingi, amonia, na pH ya juu, wakati Phanerochaete huanza kutoa peroksidesi anapokosa naitrojeni. Ukimshibisha naitrojeni hana haja ya kuhangaika na lignini.

Marekebisho yenyewe. Kwa lita 90 kwa wiki, na uvukaji wa mm 25 hivi, unahitaji karibu mita 4 za mraba. Panua shimo liwe mita 2 kwa 2, kina kilekile, jumla mita za ujazo 2.4. Unazo tayari 0.4 za mabua, 0.4 za udongo na 0.4 za samadi, ambayo mpaka sasa imeanza kulainika. Ongeza 0.8 za mabua makavu, 0.2 za udongo na 0.2 za mboji iliyoiva. Utapata 1.2, 0.6 na 0.6, yaani 2:1:1 kamili bila kutupa chochote. Usitoe tope la sasa kwenda kulimwaga mahali pengine, lina dawa.

Wakati wa kulitoa simama upande upepo unakotoka, vaa glavu za mpira na buti, na litandaze juu ya turubai kwa unene wa sm 20 usiozidi. Ligeuze kila siku hadi harufu iishe, ndipo uchanganye na mabua mapya. Mabua yakatwe urefu wa sm 3 hadi 5. Marefu yanajenga mifereji ya maji, yaliyosagwa kabisa yanashikamana na kuziba hewa. Jaza shimo upite ukingo kwa sm 10, kwa sababu mchanganyiko utashuka, na juu yake panda nyasi.

Kisha kiache kipumzike wiki 4 hadi 8 bila dawa, kikiwa na unyevu tu. Hapo ndipo kuvu wanapojijenga; ukifukua kidogo utaona nyuzi nyeupe zikipita kwenye mabua. Kipimo cha unyevu ni kiganja chako chenye glavu: kamata konzi moja, ikamue kwa nguvu. Matone mawili matatu kati ya vidole, na bonge linabaki bila kumeguka, ndiyo hali unayoitaka. Yakitiririka, kimelowa mno. Bonge likisambaratika, kikavu mno, na hilo la pili ni baya kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mabua yakikauka kabisa yanasukuma maji badala ya kuyanywa.

Mwisho, paa. Mabati au nailoni iliyoinuliwa mita moja juu, pande wazi. Na ndoo ibadilishwe: weka pipa lenye mfuniko pembeni, toa mipira ya matone ya kutosha kufika kitanda chote, na ruhusu lita 12 hadi 15 kwa siku badala ya 30 kwa mpigo. Pipa liwe na chujio, la sivyo unga wa mankozebu utaziba matundu ndani ya wiki chache.

---

Kemia_ya_Shamba

Naunga mkono hayo ya maji. Niongeze upande wa dawa zenyewe, kwa sababu kwenye orodha yako kila moja inavunjika kwa njia yake, na kusema "imeoza" bila kutaja imegeuka kuwa nini hakutoshi.

2,4-D ndiyo rahisi. Bakteria kadhaa wanaila kama chakula kamili, wanapata kaboni na nishati. Aliyechunguzwa sana ni Cupriavidus pinatubonensis JMP134, mwenye jeni za kazi hiyo kwenye plasmidi pJP4, yaani kipande kidogo cha DNA ambacho bakteria wanaweza kupeana. Kimeng'enya cha kwanza kinakata mkono wa asidi asetiki, kinabaki diklorofenoli, kisha pete inafunguliwa. Mara ya kwanza udongo unaweza kukaa siku kadhaa hata wiki bila dalili yoyote, maana wenye uwezo huo ni wachache na lazima wazaane kwanza. Ukirudia dawa, muda huo wa kusubiri unafupika. Ni dawa ambayo kitanda kinazidi kuimudu kadiri unavyokilisha.

Glaifosati ni habari nyingine. Viumbe wengi wanaivunja bila kupata faida ya kukua, hivyo kasi yake inafuata upumuaji wa jumla wa udongo. Kitanda kilichochangamka kinaivunja haraka, kilicholala hakiigusi. Njia moja inapitia AMPA, kemikali inayobaki glaifosati ikivunjika, ambayo hudumu kuliko glaifosati yenyewe. Nyingine inakata kiungo cha kaboni na fosforasi na kutoa sakosini. Hapa samadi inadhuru mara mbili: fosfeti iliyomo inanyang'anyana na glaifosati nafasi za kushikilia kwenye oksidi za chuma na aluminiamu, kwa hiyo dawa inaachiwa iende na maji; na bakteria wakishapata fosfeti ya bure huzima kimeng'enya cha kukata kile kiungo.

Klorpirifosi inakatwa na maji pamoja na vimeng'enya, inatoka TCP, jina refu ni trikloropiridinoli. Hiyo ndiyo inayosumbua. TCP inaua vijidudu, ikirundikana inawadumaza walewale wanaovunja klorpirifosi, na inasafiri na maji kwa urahisi kuliko mama yake. Kipimo cha maabara kinachoonyesha "klorpirifosi haipo" huku TCP haikupimwa hakina maana kubwa.

Sipamethrini haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kutajika, inang'ang'ania mboji. Viumbe wana vimeng'enya viitwavyo esterezi vinavyoikata katikati. Shida yake ni kugusana: kimeng'enya kipo, dawa ipo, ila dawa imejichimbia ndani ya chembe ya mboji. Mankozebu inaharibika ndani ya siku chache kwenye unyevu, lakini inaacha ETU, inayoyeyuka sana na kudhuru tezi ya thairoidi. Udongo ulio hai unaivunja ETU upesi. Tope lisilo na uhai linaiacha ipite. Tena mankozebu ni dawa ya kuua kuvu, na wewe unawategemea kuvu, kwa hiyo maji yake yaingie kidogo kidogo, si ndoo nzima.

Kopa ni elementi. Hakuna bakteria wala kuvu wa kuivunja, leo wala baada ya miaka elfu.

Kuhusu muda, nusu-uhai, yaani muda wa dawa kupungua hadi nusu, inawachanganya wengi. Dawa yenye nusu-uhai wa siku 30 haimaliziki siku 60. Ukifuata mteremko wa kawaida, kufikia asilimia 10 unazidisha nusu-uhai kwa 3.3, yaani siku 100. Asilimia 1 ni siku 200. Na hiyo ni hesabu ya matumaini, kwa sababu mara nyingi sehemu ya kwanza inashuka kasi kisha mkia unaburuta, ile dawa iliyoingia ndani ya chembe ikitoka polepole. Joto lina uzito wake pia: Umoja wa Ulaya hutumia kizidishi cha 2.58 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Siku 30 kwenye nyuzi 20 zinakuwa karibu 12 kwenye nyuzi 30, na 77 kwenye nyuzi 10, ikiwa unyevu haubadiliki.

Jambo la pembeni, ili asije mtu akasema tope halina faida yoyote. Molekuli zilizojaa klorini kama DDT na lindani, dawa za wadudu za zamani, hupoteza klorini kwa kasi zaidi mahali pasipo na oksijeni. Penye hewa, DDT huelekea kuwa DDE, ambayo inakaa miaka mingi. Pasipo hewa huelekea DDD. Lakini dawa zako si za kundi hilo. Wewe unataka hewa.

---

MchimbaShimo

Shukrani sana wakuu, hesabu ya maji imenifungua. Nitapanua shimo. Bado swali la pakiti: zimeandikwa "bakteria bilioni kwa gramu, huvunja kila aina ya kemikali". Zikiwekwa baada ya wiki zile za kupumzika hazitasaidia hata kidogo? Na katika hizo wiki maji ya kuoshea niyapeleke wapi?

---

Vimengenya

"Kila aina ya kemikali" inatosha kukufanya uirudishe pakiti dukani. Kimeng'enya kinachokata klorpirifosi hakiwezi kufungua pete ya atrazini (dawa ya magugu), na cha atrazini hakina habari na sipamethrini. Pakiti isiyotaja jina la bakteria, jina la dawa anayoivunja, na kiasi cha kutumia kwa kilo ya udongo, haina tofauti na maji ya mtoni.

Hata aliye halisi hupata shida akifika kitandani. Amelelewa maabara kwenye mchuzi wenye chakula tele, anatupwa kwenye udongo wenye njaa uliojaa wenyeji. Protozoa, vijidudu wanaokula bakteria, wanamla, wenyeji wanamnyima chakula, na dawa yenyewe imejificha asikoweza kufika. Kwa kawaida idadi yake huporomoka ndani ya wiki chache.

Kuna mbegu bora ya bure. Chukua udongo wa juu, sm 0 hadi 15, kutoka sehemu ya shamba iliyopulizwa dawa zilezile misimu kadhaa mfululizo, halafu tumia huo kama ile sehemu moja ya udongo kwenye 2:1:1. Viumbe wa humo wameshazoea, na jeni za kuvunja dawa mara nyingi ziko kwenye plasmidi, hivyo bakteria wanarithishana wao kwa wao bila kusubiri kuzaana. Hali hiyohiyo ndiyo iliyowaudhi wakulima kwa karbofurani, dawa ya wadudu wa udongoni: baada ya kurudiwa mara nyingi kwenye shamba moja, udongo ulijifunza kuila haraka kiasi kwamba wadudu hawakufa. Hasara ya shamba ni faida ya kitanda chako. Jihadhari tu usichote mahali palipomwagika dawa nzito, maana pale hakuna waliozoea, kuna waliokufa.

Bakteria au vimeng'enya vya kuongeza vina mahali pake: dawa moja, kwa wingi, mahali pamoja. Pseudomonas sp. ADP, aliyetangazwa 1995, anatumia atrazini kama chanzo cha naitrojeni. Kimeng'enya chake cha kwanza, AtzA, kinang'oa klorini. Huko South Dakota, Marekani, udongo uliomwagikiwa atrazini ulichanganywa na bakteria wa E. coli waliouawa wakiwa wamejaa AtzA. Baada ya wiki nane atrazini ilikuwa imeshuka kwa asilimia 52, na pale walipoongeza fosfeti, asilimia 77. Angalia vizuri: bakteria walikuwa wamekufa, kazi ilifanywa na kimeng'enya, na ilikuwa dawa moja inayojulikana. Kitanda chenye dawa sita kwa viwango vidogo hakifanani na hali hiyo.

Mfano huo wa ADP unarudi kwenye samadi. Bakteria anayekula dawa kwa ajili ya naitrojeni, ukimpa naitrojeni rahisi, anaiacha dawa. Mbolea ya urea kwenye kitanda "ili kuwapa nguvu" ni kosa la mara kwa mara.

---

FundiBomba

Kuhusu wiki za kupumzika: punguza maji, usitafute pa kuyamwaga.

Bomba la mgongoni likiisha hubakiza karibu lita 0.3 kwenye mpira, pampu na chini ya tangi. Ukiosha mara moja kwa lita 6, mabaki ni 0.3 kwa 6.3, yaani asilimia 4.8 ya nguvu ya mwanzo. Ukigawa lita 6 hizohizo mara tatu, lita 2 kila mara, kila suuzo linaacha 0.3 kwa 2.3, asilimia 13. Zidisha 0.13 kwa 0.13 kwa 0.13: asilimia 0.22. Maji yaleyale, usafi zaidi ya mara ishirini. Kila suuzo litikise, lipige kupitia mpira na pua mpaka tangi liishe, ndipo uweke lingine. Wengi wanasuuza tangi na kumwaga kwa juu; mpira unabaki na dawa kamili.

Na hizo lita 6 zipulizie palepale shambani, kwenye mistari ya mwisho uliyoacha makusudi bila dawa au uliyoipuliza kidogo. Ni zao lilelile ambalo dawa imeruhusiwa. Kitandani yaende maji ya kuoshea nje ya bomba, ya glavu, na matone ya mahali pa kuchanganyia. Ukifanya hivyo lita 30 zako zitashuka zenyewe, na katika wiki za kupumzika yaliyobaki yataenea kwenye pipa moja la lita 200 lenye mfuniko na maandishi.

Dawa nzito kutoka kwenye chupa, na dawa iliyopitwa na muda, haziingii kitandani kabisa. Kitanda ni cha maji yenye dawa kidogo. Mililita 100 za klorpirifosi kali zikimwagika mahali pamoja zinaua viumbe wa hapo na kuacha doa ambalo halitavunjika kwa muda mrefu.

---

Kemia_ya_Shamba

Sasa kupima. Njia sahihi ni maabara, lakini sampuli ikiharibika hata maabara bora haikusaidii. Chota sehemu 10 za kitanda, tenganisha vina vitatu (0–20, 20–40, 40–60), changanya kila kina peke yake, weka gramu 500 kwenye chombo cha kioo au mfuko usiopitisha hewa, na igandishe kwenye nyuzi -20 siku hiyohiyo. Ukiiacha kwenye joto vijidudu wanaendelea kula njiani na majibu yatapendeza bure. Andika kwenye fomu kwamba unataka AMPA, TCP na ETU pamoja na dawa mama. Kina cha 40–60 kikiwa na dawa nyingi kuliko 0–20, bado una tatizo la maji, hata kama jumla imeshuka.

Kuna sehemu ambayo kiyeyushi cha maabara hakiitoi kabisa, masalia yaliyoshikamana na mboji. Hayo hayajavunjika wala hayapo huru. Hatari yake ni ndogo kuliko ya dawa huru, lakini si sawa na dawa iliyokwisha kuwa kaboni dioksaidi na maji.

Kipimo cha nyumbani ni mbegu, kwa viuagugu. Jaza vikopo vitatu kwa mchanganyiko wa kitanda na vitatu kwa mchanganyiko uleule ambao haukuwahi kupata dawa, panda mbegu 10 za nyanya au maharagwe kila kimoja, subiri siku 14 hadi 21. Ule usio na dawa ni lazima, kwa hiyo weka akiba ya ndoo moja siku unayochanganya. Bila hiyo utadanganyika, maana mabua yanayooza hunyang'anya miche naitrojeni na kuifanya kuwa ya njano hata pasipo na dawa yoyote. Unachotafuta ni tofauti kati ya makundi mawili. 2,4-D itajionyesha hata ikiwa kidogo sana: mashina yanajipinda, majani machanga yanakunjamana na kuwa membamba. Glaifosati haitajionyesha, kwa kuwa imeshikwa na udongo na mizizi haiipati, kwa hiyo mche mzuri si ushahidi kwamba haipo. Sipamethrini na klorpirifosi hazisemi lolote kwa mbegu.

Kuhusu kutawanya shambani, mchanganyiko hudumu miaka 5 hadi 8, ukiongezewa mabua kila mwaka unaposhuka. Ukiutoa, urundike juu ya sakafu isiyopitisha maji, ufunike na mvua, uugeuze mara kadhaa kwa miezi 6 hadi 12, kisha upime. Ukiwa safi unatandazwa kwenye shamba la nafaka, si kwenye bustani ya mboga, na mbali na kisima au mto.

Isipokuwa kopa. Kitanda cha mita za ujazo 2.4 kina labda kilo 800 za mchanganyiko mkavu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya tope la majitaka inaweka ukomo wa mg 50 hadi 140 za kopa kwa kilo ya udongo mkavu wa shamba. Tuchukue 100: hiyo ni gramu 80 tu za kopa kwenye kitanda chote. Bomba la lita 16 lenye gramu 50 za dawa ya asilimia 50 lina gramu 25 za kopa. Masalia ya lita 0.3 ni nusu gramu, unaweza kuosha mara 160 na zaidi. Lakini mtu akimwaga nusu tangi lililobaki, ni gramu 12.5 kwa mpigo, na mara ya saba umeshavuka. Ningependa maji ya kopa yasiingie humo kabisa: puliza tangi liishe, suuza shambani.

---

MchimbaShimo

Nimeelewa, asanteni. La mwisho: nyasi za juu zikifa kwa sababu ya glaifosati nipande tena au niache? Na kuna jirani anataka kuosha bomba la parakwati (dawa ya magugu) humo.

---

udongo_hai

Panda tena. Nyasi zinavuta maji kutoka chini na kuyatoa kwa majani, bila hizo ile mm 3 hadi 5 kwa siku haifikiki. Zikifa sehemu moja tu, hapo ndipo mpira wa matone unapovuja au mtu anapomwagia kwa mkono. Weka mipira chini ya tabaka la nyasi, sm 5 hivi, ili dawa isiguse majani.

Parakwati mkatalie. Ina chaji mbili chanya, inaingia katikati ya tabaka za chembe za mfinyanzi na kukaa humo miaka. Hamira ya udongoni iitwayo Lipomyces starkeyi inaweza kuila ikiwa kwenye maji, lakini ikishaingia ndani ya mfinyanzi hamira haiifikii. Haitatoka, haitavunjika, na siku ya kutoa mchanganyiko utakuwa nayo mikononi pamoja na mzigo wako. Aoshe kwa suuzo tatu hukohuko shambani alikopuliza.